Sehemu ya Nane

Flashi haikuharibika. Nilimwambia mama yangu kwamba imeharibika, nikamwambia mwalimu jirani, nikamwambia mama mdogo mwenyewe huku ananitazama machoni, na baadaye nilipoulizwa tena niliapa. Sikuapa kwa Mungu, maana uoga wangu una mipaka. Niliapa kisomi: nilisema faili la sehemu ya nane limeathirika. Halikuathirika hata kidogo. Nilikuwa nimelitazama asubuhi ile ile jikoni, kompyuta nimeiweka juu ya ndoo ya unga, vispika masikioni, namenya vitunguu ili nikilia niwe na sababu.

Na kwa kuwa nimeanza kukiri, niongeze la pili. Tamthilia ile ilitengenezwa kutokana na riwaya nene ya Kiingereza ya karne ya kumi na tisa, riwaya ambayo nimeifundisha chuoni miaka miwili bila kuvuka katikati yake. Mwisho wa kitabu niliutafuta nyuma ya jalada, na jalada nalo halikusema. Kwa hiyo nilipopewa flashi yenye sehemu zote nane niliona mlango umefunguka. Nilikwenda nayo nyumbani Kibiti wakati wa likizo, nikawaambia wenzangu kazini kwamba nakwenda kumaliza makala. Kamwe nisingekubali mbele yao kwamba mtu wa umri wangu, mwenye shahada mbili, anakwenda kutazama magauni.

Nilimkuta mama mdogo ndani ya eda.

Yeye ni mdogo wake mama, na alifiwa na mumewe mwaka ule mto ulipopanda ukakaa mashambani wiki baada ya wiki. Walikuwa wamemleta mgonjwa kwetu Kibiti awe karibu na hospitali, akafia kwetu. Desturi ni mjane akae eda katika nyumba ya mumewe, lakini nyumba yao ya Mbuchi, kule delta mto unakoingia baharini, ilikuwa na maji mpaka usawa wa kitanda. Wazee wakaulizana, shehe akaulizwa, ikakubaliwa akae kwa dada yake. Miezi minne na siku kumi: asitoke bila dharura, asijipambe, asijitie manukato, asikae na mwanamume anayeweza kumuoa, wala asiposwe. Kwenye msiba hakuna aliyewaza kwamba maji yakishuka nyumba ile itakuwa wazi, na kwamba wa kwanza kuingia atakuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu.

Shamba lao lina vipande viwili. Kile cha chini, karibu na mikoko, ndicho chenye nyumba, na marehemu alikirithi kwa baba yake. Cha juu, ng'ambo ya mfereji, kilikuwa matete matupu. Walikifyeka wao wawili, mume na mke, na misimu yote tangu hapo mpunga wa kipande kile aliulinda mama mdogo. Kulinda kwa watu wa delta ni kuhamia juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu katikati ya mpunga, ukapiga madebe na kelele kufukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Hawakujaliwa mtoto. Karatasi ya shamba hawakuwa nayo, kama wengi wasivyo nayo kule. Sasa shemeji alikuwa anasema vipande vyote viwili ni mali ya ukoo.

Hakuwa mtu mbaya wa kwenye maigizo, na hilo ndilo lililoniudhi. Alikuja akiwa na kapu la kamba wabichi, akaketi barazani nje, akazungumza na mama kwa sauti ya kutosha kupita dirishani, maana alijua nani yuko nyuma ya pazia.

"Dada, siye hatuna haraka," alisema. "Ila mjue ile nyumba nimeifagia. Tope lote nimetoa. Mtu hahami kwake kwa sababu ya msiba."

Mama akamshukuru kwa kamba. Alipoondoka, mama mdogo alisugua kidole kwenye ukingo wa mkeka.

"Kafagia," alisema. "Nani kamwambia afagie?"

Siku mbili baadaye mzee mmoja wa upande wao alipita akayasema waziwazi kwa mama yale ambayo shemeji hakuruhusiwa kuyasema: eda ikiisha, akikubali kuolewa na shemeji yake awe mke wa pili, nyumba ni yake, shamba ni lake, maisha yanaendelea. Asipokubali, atapewa fungu lake la mirathi kwenye vyombo na mbuzi, na Kibiti kuna dada yake. Watakuja na wazee wenzao siku ya kutoka eda kusikia jibu.

Katika nyumba hiyo ndimo nilimochomeka flashi kwenye televisheni, mchana baada ya swala ya alasiri. Nilidhani nawapa watu kitu cha kuwatoa mawazoni. Sikuwa nimefikiri sana hadithi inahusu nini. Inahusu mjane. Mume amekufa, hakuna mtoto, nyumba kubwa na mashamba vinakwenda kwa binamu wa marehemu, na binamu anakuja, mpole, kofia mkononi, anasema hakuna haja ya mtu kuhama.

Picha ya kwanza haijaisha mama mdogo alisogeza mkeka mbele.

Nilikuwa natafsiri kwa mdomo, sentensi moja nyuma ya wahusika, nikiwafanyia wote sauti. Wasikilizaji wangu walikuwa watatu: mama, mama mdogo, na mwalimu jirani, mwanamke wa kutoka Njombe aliyehamishiwa shule ya hapo, ambaye alikuja na kitambaa chake cha kufuma na akawa mtaalamu wetu wa mambo ya kanisani. Mwalimu alinitia hofu kwa sababu Kiingereza alikijua. Bahati yangu, Kiingereza cha watu wale kilikuwa cha kumezwa nusu, na mwalimu hakutaka kusema kwamba hakisikii vizuri. Alitikisa kichwa kila nilipomaliza sentensi, kama mkaguzi.

Waliielewa tamthilia kuliko mimi. Darasani nilikuwa nimefundisha kwamba nguo nyeusi ya yule mjane ni ishara ya utupu wa tabaka lake. Mama mdogo aliitazama nguo ile mara moja tu.

"Ana eda huyu," alisema.

Nilimweleza kwamba watu wale hawana eda.

"Wanayo. Tazama hana hereni, hatoki, na kila anayekuja anamzungumza pembeni. Ya kwao miezi mingapi?"

Mwalimu alisema amewahi kusoma kwamba ilikuwa mwaka na zaidi.

"Mwaka," alisema mama, akamgeukia mdogo wake. "Na wewe unalalamika."

Binamu wa marehemu walimwita shemeji tangu siku ya kwanza. Katika sehemu ya tatu alipomshika mjane mkono bustanini na kuanza kuzungumzia maisha ya baadaye, mama mdogo aliacha kutafuna mhogo. Alitaka kujua kama kule hakuna mkubwa wa kumkanya mtu anayeposa ndani ya eda. Tukio lile nililifundisha kama tukio la mapenzi. Wanafunzi wangu, kokote mliko, mnisamehe.

Mwanzoni mwa kila sehemu kulikuwa na wimbo wa vinanda na picha zinazopitana haraka: farasi, ngazi, mishumaa, watu mlangoni pa kanisa, kisha jina la tamthilia. Dakika hiyo moja niliitumia kwenda kumimina chai, kwa kuwa haina maneno ya kutafsiri. Nikirudi nawakuta wanaufuatisha wimbo kwa pua.

Nilianza kupindisha katika sehemu ya nne, nikiukumbuka ule ujumbe wa mzee. Mjane alisema jambo la kumshukuru binamu, nami nikatafsiri kwamba anamshukuru lakini hamwamini. Lilikuwa neno moja tu. Katika sehemu ya sita mpishi alimwambia mjane kwamba mwanamke wa peke yake hawezi kuendesha mashamba, nami nikamfanya mpishi aseme wapo wanaoweza. Mwalimu alitikisa kichwa kuidhinisha.

Sehemu ya saba iliishia mjane amesimama dirishani, binamu yuko nyuma yake, amekwisha kuuliza swali, na mjane amefungua kinywa kujibu. Jina la tamthilia likatokea. Zilikuwa zimebaki siku tatu eda iishe.

Mama mdogo alikunja mkeka wake. Alikuwa mtu wa maneno machache na yale aliyosema aliyasema akiwa ameshughulika na kitu kingine.

"Kesho tunamaliza," alisema. "Nataka nione mwenzangu kafanyaje."

Mama aliniangalia. Nilikwenda kuosha vikombe.

Asubuhi, kama nilivyosema, niliitazama sehemu ya nane jikoni. Mjane anakubali. Hakuna anayemlazimisha. Anampenda kidogo, anaipenda nyumba zaidi, amechoka kuliko vyote viwili. Wanafunga ndoa, na picha ya mwisho ni mkono wake juu ya kishikio cha mlango wa nyumba ambayo sasa haiwezi kumtoa. Ilitengenezwa vizuri sana. Nikiwa chuoni ningeisifu kwa ukurasa mzima. Pale jikoni nilichomoa flashi kwa hasira, nikaitumbukiza ndani ya kopo la bizari.

Alasiri waliketi kama kawaida. Nikachomeka flashi nyingine tupu, nikabonyeza mara tatu kwa uso wa masikitiko, nikatangaza kwamba faili limeathirika. Ila, nikasema, kitabu chenyewe nimekisoma mpaka mwisho, naweza kuwasimulia.

Nikawasimulia. Nilimfanya mjane akatae palepale dirishani. Niliweka barua ya marehemu ndani ya saa ya ukutani, nikamtafutia hakimu, hakimu nikampa wigi jeupe na huruma nyingi. Mashamba yakarudi kwa mjane. Mama aliuliza barua ilikaaje ndani ya saa miaka yote hiyo bila saa kusimama, nikasema saa za kule ni kubwa. Mwalimu alifuma. Mama mdogo aliuliza swali moja tu.

"Na shemeji, alipokataliwa, kafanya nini?"

Sikuwa nimemfikiria. "Aliinama," nikasema, "akavaa kofia yake, akaondoka."

"Kaondoka tu."

"Ndiyo."

Alicheka puani, kidogo, akainuka kwenda kutawadha.

Jioni ile mwalimu alikuja mlango wa nyuma kuazima flashi. Alisema kompyuta yake ya shule huwa inafungua mafaili yaliyogoma, na kwamba si vizuri watu kukosa mwisho. Nilimwambia nimeitupa. Akauliza nimeitupa wapi. Nikaonyesha kwa mkono upande wa jalala, upande mpana sana. Aliutazama upande ule, akasema chai ya leo ilikuwa na bizari nyingi, akaenda zake. Mpaka leo sijui alijua nini. Flashi niliihamishia kwenye soksi.

Siku ya kutoka eda mama mdogo alikogeshwa, akasomewa dua, akavaa kanga mpya aliyochaguliwa na mama. Wazee wa upande wa marehemu walikaa barazani, shemeji miongoni mwao, kanzu yake imepigwa pasi. Mama mdogo alitoka akaketi kizingitini. Walipomaliza utangulizi wao mrefu wa heshima, alijibu mwenyewe, jambo ambalo halikutazamiwa.

"Nashukuru kwa kunifikiria," alisema. "Sitaolewa. Narudi Mbuchi shambani kwangu."

Nilikuwa nyuma ya pazia alipokuwa yeye miezi minne. Nilingoja shemeji ainame, avae kofia, aondoke. Hakuinama.

"Shamba gani, shemeji?" aliuliza, bila kupandisha sauti. "Na utafikia wapi? Nyumba ina watu. Mke wangu yumo na watoto."

Mama mdogo alisema atafikia kwenye dungu.

"Basi tutaonana baraza la kata," alisema shemeji, na wazee wakaagana na mama kwa adabu zote.

Mama alinifuata jikoni kabla vikombe vya wageni havijapoa. Hakuwa amekasirika na ningependa angekasirika.

"Ulimwambia nini mdogo wangu?"

"Nilimwambia hadithi, mama."

"Ile ndiyo iliyomo kitabuni?"

Nikasema ndiyo.

"Maana yule hana barua ndani ya saa," alisema mama. "Hana hata saa."

Mama mdogo aliondoka kwa bodaboda asubuhi iliyofuata, godoro limefungwa nyuma yake. Likizo yangu ilikuwa inaisha, lakini nilipiga simu kazini nikasema makala hayajaisha, jambo ambalo, kwa mara ya kwanza, lilikuwa kweli. Mpunga ulikuwa unaanza kuchanua. Kule mtandao unapatikana ukiwa juu, kwa hiyo alitupigia akiwa juu ya dungu, na kila simu ilikuja na ndege wake na madebe yake. Ngazi ya dungu ilikuwa imekatwa usiku wa kwanza, akatengeneza nyingine. Mvua imevuja kwenye makuti. Shauri limeahirishwa, mjumbe mmoja anaumwa. Shemeji kaleta wazee watano wa ukoo, nao wote wamesema kipande cha juu kilifyekwa na baba wa marehemu. Kisha siku tisa hakupiga, na tulipopiga sisi simu ilisema haipatikani.

Siku hizo tisa nilijifunza kitu kuhusu elimu yangu. Nilikuwa nimemtoa mwanamke wa watu nyumbani kwa dada yake, penye bati na maji ya bomba, nikampandisha juu ya nguzo nne kwenye tope lenye viboko, kwa nguvu ya hakimu niliyemtunga nikimenya vitunguu. Nilijaribu kumwandikia ujumbe wa kukiri. Niliuandika vizuri, nikaurekebisha, nikaupunguza, nikatafuta neno bora kuliko "uongo", nikaufuta. Mama hakuniuliza tena. Aliongeza tu rakaa zake, na akitoa salamu ya mwisho wa swala alikuwa anatazama simu.

Nilikwenda kwa mwalimu, nikamwambia nahofia. Yeye alikuwa anasahihisha madaftari. Aliniambia kwamba kwenye vijiji vya kule anakotoka mtu hupewa shamba na majirani kabla hajapewa na baraza, kisha akaniuliza kama flashi imepatikana. Nikasema haijapatikana. Hata hapo.

Mama mdogo alipiga siku ya kumi, saa nne asubuhi. Mama alikuwa kwa jirani. Nilipokea mimi.

"Mwanangu," alisema. "Wamenipa cha juu."

Nilikaa chini, juu ya ndoo ya unga. Nyuma yake nilisikia debe likipigwa, na mtu wa mbali akiitikia kwa debe lake.

Alinieleza bila haraka. Baraza lilikuwa limehamia shambani, wajumbe wamesimama tutani na viatu mkononi. Wazee watano wakasema yao. Ndipo mwenyekiti akawaita wenye madungu ya jirani, kulia na kushoto, watu ambao si wa ukoo wowote wa hapo, akamwuliza kila mmoja peke yake: misimu yote hii, usiku ukipiga kelele ya nguruwe, kutoka dungu hili anakuitikia nani? Wote walimtaja yeye. Mmoja alisema marehemu mumewe alikuwa na sauti ndogo, hata angelinda yeye nguruwe wasingemsikia, na wajumbe wakacheka, shemeji naye akacheka kidogo. Cha chini chenye nyumba kimekwenda kwa shemeji. Mfereji ndio mpaka.

"Na siku zote hizo tisa?" niliuliza.

"Simu iliangukia kwenye maji. Hii ya jirani."

"Na nyumba?"

"Nyumba kachukua. Kaifagia, basi akae. Nitajenga huku."

Nilijua kwamba nisiposema sasa sitasema. Nilianza kwa kumwambia kuna jambo kuhusu ile tamthilia, ile sehemu ya mwisho, kwamba pengine mimi sikuwa nimesoma kitabu chote, kwamba faili, kwa namna fulani…

"Kaolewa," alisema mama mdogo.

Niliinuka kutoka kwenye ndoo.

"Na shemeji yule yule. Tangu siku ya kwanza nimemwona. Ukienda kumimina chai, kwenye ule wimbo, alikuwa anapita mlangoni pa kanisa, kashikwa mkono, kavaa gauni la zambarau iliyopauka. Si jeusi. Nikasema, huyu eda imeisha na yuko na nani hapo? Kila siku anapita. Mie miezi minne sikuwa na kazi nyingine ila kuwaza nitavaa nini nikitoka. Nisingeiona nguo ile?"

"Mama alijua?"

"Dada anatazama farasi."

Nilimwuliza kwa nini basi hakusema, siku ile nilipokuwa nahangaika na hakimu wangu.

"Ulikuwa umeshaanza," alisema. "Na mie jibu langu nilikuwa nalo toka alipofagia."

Debe likapigwa karibu sana, nikaondoa simu sikioni, nikairudisha.

"Hiyo flashi unayo?" aliuliza.

"Ninayo. Iko kwenye soksi."

"Njoo nayo tukivuna. Huku jirani ana televisheni ya sola. Nataka nimwone akiolewa, nione kama kafurahi." Akamfukuza ndege mmoja kwa kelele, kisha akarudi kwenye simu. "Ila wewe ukae pembeni, mwanangu. Usitafsiri."